Hoteli ya Milango Miwili

Juzi nilipovua aproni kwa mara ya mwisho mlinikalisha uani, mkaniletea chai ambayo mimi mwenyewe niliwafundisha kuipika, kisha mkaanza kubishana mbele yangu. Mmoja anataka hoteli yenu mpya ya pale stendi iwe na soda za baridi. Mwingine anataka muziki. Wa tatu anasema chipsi, chipsi, kana kwamba viazi vimegunduliwa jana. Mkaniuliza, "Babu, wewe unaonaje, mteja apewe nini?" Nikasema nitawajibu kesho. Kesho hiyo imechelewa, maana kila nikianza kujibu nacheka peke yangu, na mke wangu ameanza kuniangalia kama mtu mwenye homa. Nimeona afadhali niandike.

Vyeo nilivyopata sitavitaja, mshahara nao tuuache upumzike. Nitawaeleza mwanzo, wakati mimi na mama mmoja tulipokuwa tunajiuliza swali hilihili lenu, na karibu tulikose jibu kabisa.

Mimi ni Mndamba wa Michenga. Katika miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa kijana wa kuvua kidogo na kulima kidogo, na vyote viwili nilivifanya vibaya. Asubuhi moja baada ya masika nilileta kambale Ifakara kuuza. Nikamkuta Bi Salima amekaa kwenye kizingiti cha duka lililokwisha bidhaa. Alikuwa mjane, mtu wa Kilwa, mumewe, naye wa Kilwa, alikuwa mfanyabiashara na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Akaangalia samaki wangu kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Hawa nao wanaliwa?" akauliza.

"Wanaliwa sana, mama. Utelezi wao unatoka kwa majivu."

Nikaomba majivu ya jikoni, nikamsugua kambale mmoja mbele yake, nikamsuuza, akabaki safi kama sahani. Bi Salima akamgeuza, akamnusa, akaniuliza kama ninaweza kusubiri chungu kichemke bila kukifunuafunua. Nikasema ninaweza. Ulikuwa uongo mtupu.

"Basi njoo kesho," akasema. "Nataka kufungua hoteli, na huku kwenu sijui mtu anakula nini."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Furaha niliyorudi nayo Michenga siku ile sijui niipime kwa nini. Nilimweleza kila niliyekutana naye njiani, pamoja na watu wasionijua.

Lakini nyumba ile haikuwa ya Bi Salima peke yake. Marehemu mumewe aliijenga pamoja na mdogo wake, Bwana Hemedi, na huyu shemeji alikuwa mnunuzi wa pamba. Alitaka nyumba iwe ghala. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa pamba tu, kila palipo na paa yeye aliona mahali pa kupanga marobota. Alikuja siku ya kwanza, akasimama mlangoni bila kuketi. "Shemeji, nakupa mpaka pamba ianze kushuka kutoka mashambani," alimwambia. "Nikikuta watu wanakula, sina neno. Nikikuta nzi, mimi naleta marobota, na wewe nitakusafirisha vizuri hadi Kilwa kwa wazee." Bi Salima akajibu, "Nimekusikia, shemeji." Alipoondoka aliniambia kwamba Kilwa angekwenda kukaa kwenye chumba cha nyuma cha kaka yake, akilea wajukuu wa watu wengine na kuomba ruhusa ya kuwasha jiko. Na mimi niliyejiona nimepata kazi ya maisha nikaona inaondoka naye.

Alinifundisha upesi, kwa sababu muda ulikuwa unatukimbiza. Alikuwa na sufuria mbili za shaba za mahari yake, na mwiko mrefu ambao hakuruhusu uguse sakafu. Alinifundisha kuupalia wali, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili uive kutoka juu na chini. Mimi nilimfundisha kwamba mchele mpya wa Ifakara, ule wa mpunga uliovunwa juzi, hautaki maji mengi kama mchele mkavu wa dukani. Siku ya kwanza hakuniamini, tukala uji. Siku ya pili aliniamini, na tangu hapo kila gunia alinipa nitafune punje mbili tatu kabla hajapima maji. Nanyi fanyeni hivyo. Punje ikivunjika kwa unga, punguza maji.

Tulifungua siku ya Ijumaa, kwa kuwa kwake ni siku ya baraka. Tukapika pilau ya nyama ya ng'ombe, na ilinukia mpaka kwenye njia ya misheni. Watu walitoka kwenye misa ya asubuhi, wakafuata harufu, wakafika mlangoni, wakavuta pumzi ndefu, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko, nawakaribisha kama bwana harusi. Ni pale nilipotaka kuonja chumvi ndipo nilipokumbuka kwamba Ijumaa Mkatoliki hali nyama, na mimi mwenyewe ni Mkatoliki. Bi Salima alipoelezwa alikaa chini kwenye mkeka, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Mungu wenu na Mungu wetu wameniwekea siku moja," akasema, "halafu nikawapikia ng'ombe." Tangu wiki iliyofuata Ijumaa ikawa ya samaki, na waliotoka msikitini na waliotoka kanisani wangeweza kula sahani moja. Niliona tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, tulikaa kwenye mafiga yaliyopoa tukabuni. Nataka mjue utamu wa saa zile, maana ndio mlio nao sasa. Yeye anasema sambusa, mimi nasema majani ya maboga ya karanga. Yeye anasema maharage ya nazi, mimi nasema tumpake kambale tui zito na pilipili, tumchome taratibu, na yeye anaruka, "Kambale wa kupaka? Kasiani, Kilwa watanitenga." Kesho yake tulimpika, akala wawili. Tulibuni uji wa mchele wenye tangawizi kwa waliolala njiani, na vitumbua vya mchele mpya vinavyotoka chunguni watu wakitazama. Chema chajiuza, Bi Salima alikuwa akisema kila tulipopakua.

Chetu kilijiuza kwa namna ya ajabu. Watu walikuja mlangoni, wakasalimu, wakauliza kilichopikwa, wakasifu, wakanunua. Halafu walibeba sahani zetu wakaenda kula nyuma ya mashine ya mpunga, wamechuchumaa, wameipa barabara mgongo. Ndani, ukumbi mzima na mabenchi yake ulibaki na karani mmoja mgeni na dereva wa lori. Bi Salima aliamini mabenchi ni magumu, akashona matandiko. Mimi niliamini kuta ni mbaya, nikapaka chokaa yenye bluu. Tukaondoa mbao za mbele ili ukumbi uwe wazi kabisa, kila apitaye aone jinsi palivyo pazuri. Ndipo hata dereva wa lori alipohama, akawa anakula ndani ya lori lake. Na huko mashambani pamba ilikuwa inapasuka.

Jumamosi moja, siku ya soko, alikuja Lukasi, mtu wa kwetu Michenga. Nilimbembeleza sana. Nilimwambia, ndugu yangu, usinitie aibu, keti hata kidogo. Akaketi. Nikamletea wali na kambale wa kupaka, akaanza kula kwa raha, mkono mpaka kwenye kiganja. Moyo wangu ulijaa. Nilikuwa namwita Bi Salima aje aone mtu anakula, mara mbele ya ukumbi wetu uliokuwa wazi akatokea Mama Theresia wa Idete, na kapu la samaki kichwani, akiuliza kama tunanunua.

Lukasi aliinua macho, akamwona. Aliruka benchi, akaruka dirisha, mdomo umejaa wali, na sahani yetu akaenda nayo. Mama Theresia naye alijifunika uso kwa khanga, akageuka palepale, na samaki wawili wakamdondoka barabarani.

Nilidhani wana ugomvi. Baada ya muda mfupi Mama Theresia aliingia uani kwa nyuma, ametua kapu, amekasirika kweli.

"Bibi," alimwambia Bi Salima, "nyumba hii umeitengeneza ili iweje? Yule ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa kwanza. Umemkalisha barabarani anatafuna mbele ya mama mkwe wake kama mbuzi. Leo atalalaje nyumbani kwake?"

Bi Salima alishika mdomo. "Mama, nisamehe. Kwetu mkwe tunamheshimu sana, ila sikujua kwenu mambo yamefika mpaka kwenye sahani."

"Wewe mgeni hukujua. Lakini huyu," akaninyooshea kidole, "huyu wa Michenga naye hajui?"

"Shikamoo, mama," nikasema. "Najua. Ila mimi sijaoa."

"Marahaba. Ndiyo maana una akili za kuku."

Ilikuwa kweli. Nilijua tangu utoto kwamba mtu hali mbele ya wakwe zake, nimemwona baba yangu akilala njaa kwa sababu hiyo. Lakini nilikuwa nadhani ni desturi ya nyumbani, inabaki nyumbani kama mafiga. Sikufikiri kwamba hoteli inawaweka watu wote wa bonde ndani ya chumba kimoja. Mama Theresia alituhesabia kwa vidole. Alikuwa na mabinti saba, wote ameshawaoza. Yupo wa Michenga, yupo wa Kisawasawa, wapo wa mtoni, na wa mwisho yupo hapahapa mjini. "Huyo wa mwisho ameolewa na shemeji yako Hemedi, unamjua," akamwambia Bi Salima. "Basi niambie, siku ya soko nikipita hapa, nitamkosa mkwe kwenye benchi gani? Na mimi nina mabinti saba tu. Kila mama wa bonde hili ana wakwe wake. Hamkufungua hoteli, mmefungua mtego."

Akachukua kapu lake. Bi Salima akamshika mkono taratibu, akamuuliza, "Na wewe mama, tangu ulipotoka Idete umekula?"

"Nani? Mwanamke akale hotelini, aonwe na nani?"

Basi, vijana wangu, nikakumbuka zile sahani nyuma ya mashine ya mpunga, na nikaona jibu lote kwa mara moja, nikapiga kelele mpaka wote wawili wakanishangaa. Watu hawakukikimbia chakula. Walikimbia kuonwa. Sisi tulikuwa tunajiuliza tumpe mteja nini cha kula, kumbe alitaka kwanza tumpe mahali pa kujificha.

Jumatatu nilikwenda mtoni na panga, nikarudi na matete. Nilisuka viambaza vya kimo cha mtu, nikaugawa ukumbi vijumba vidogovidogo, kila kimoja na benchi lake, na ushoroba katikati. Tukarudisha mbao za mbele. Bi Salima akatoa ufunguo wa mlango wa nyuma, mlango wa pili ukazaliwa: wa barabarani wa wanaume, wa uani wa akina mama na wazee. Jikoni tukaweka mtungi wa maji ya kunawa, mtu anawe kabla hajauliza bei, na kamba ya kufungia kuku, maana mtu wa sokoni hawezi kula akiwa amemkumbatia jogoo.

Kazi yangu ikawa mlangoni. Nilisimama na birika. Nikiona mtu anaingia, na nikijua mkwe wake yumo ndani, ninaita, "Maji ya moto yanapita!" Aliye ndani anaweka tonge chini, ananyamaza. Anayeingia anaangalia miguu yake, namwongoza upande mwingine, anaketi. Halafu kila mtu anaendelea na wali wake kwa amani, tete moja tu katikati yao. Jamani, nilivyoipenda kazi ile! Jioni za mwanzo sauti ilinikauka kwa kuita. Kama sikujua mtu ameoa wapi, nilimuuliza, na hakuna aliyekasirika, kwa kuwa nilimuuliza ili kumtunzia heshima yake.

Jumamosi ya kwanza walijaa wanaume. Ya pili, kwa mlango wa uani, aliingia Mama Theresia. Aliketi nyuma ya tete lake, akavuta khanga, akaagiza kambale wa kupaka, na alipomaliza alituma sahani irudi na ujumbe kwamba pilipili ni kidogo. Baada yake wakaja akina mama wengine, wenye watoto mgongoni, waliotembea tangu alfajiri na kuuza na kurudi na njaa miaka yote hiyo kwa kukosa pa kula. Walikula kimyakimya, wanacheka chini kwa chini. Bi Salima aliwaangalia kutoka jikoni, akaniambia kwamba tangu afiwe hajawahi kufurahi namna hii. Akaongeza uji wa mchele kwa wanaonyonyesha. Hilo sikulibuni mimi.

Lakini Bwana Hemedi alikuwa Mahenge wiki zote hizo, akikagua magunia yake. Alirudi Jumamosi, pamba imeanza kushuka, na akaja moja kwa moja kutoka kivukoni na vumbi lake. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Na Mama Theresia alikuwa kwenye tete la tatu, ndiyo kwanza amemega tonge.

Nilimwona akiingia. Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Maji ya moto yanapita!"

Ukumbi mzima ukanyamaza. Kila aliyekuwa ndani alidhani mkwe ni wake. Hakuna aliyetafuna, hakuna aliyekohoa. Na Bwana Hemedi, ambaye hakuwahi kula kwetu hata siku moja, hakujua maana ya maji ya moto. Alisimama kwenye ushoroba, akatazama kulia, matete, akatazama kushoto, matete, na kimya kama cha makaburini.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya mnunuzi wa pamba, "mimi nilisema watu. Hapa naona majani. Watu wako wapi?"

Bi Salima alitoka jikoni, mikono ina unga. Angewezaje kumwambia watu wamo, bila kumtaja aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake? Mimi nilimvuta shati nikamnong'oneza, "Bwana, tutoke nje kidogo." Akautoa mkono wangu.

"Jumatatu naleta marobota," akasema. "Nyumba haiwezi kukaa tupu hivi. Shemeji, funga mizigo, nitakutafutia lori zuri."

Ndipo nyuma ya tete la tatu ikasikika sauti, ya polepole, ya mtu aliyemeza kwanza ndipo akasema.

"Nani huyo anayefunga nyumba, watu wakiwa wanakula?"

Bwana Hemedi aliijua sauti. Nilimwona anapungua. Alivua kofia, akachuchumaa palepale kwenye ushoroba, uso chini, akilielekea tete.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umerudi salama? Binti yangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Nimerudi salama."

"Umekuja kula?"

Hapo nilimhurumia. Aseme nini? Aseme amekuja kumtoa mama mkwe wake kwenye sahani? Akajibu kama mtoto wa shule, "Ndiyo, mama. Nimekuja kula."

"Vizuri. Kasiani, mpeleke upande ule, nami nimalize. Mpe kambale. Kambale wa leo ni mzuri."

Mtu wa Kilwa, kambale! Nikampeleka. Na wengine waliposikia kwamba mkwe si wao, pumzi zikawatoka, mtu mmoja akakohoa, mwingine akagonga kijiko, mtoto akalia, vicheko vikapenya kwenye matete, na nyumba nzima ikaanza kutafuna tena. Bwana Hemedi aliinua kichwa taratibu. Alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto, na mbele na nyuma. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha akamega kambale, akafumba macho, akamtia kinywani, akafumbua macho, akamega tena.

Mama Theresia alinawa, akafunga khanga yake vizuri. Kabla hajatoka kwa mlango wa uani alisema na lile tete, "Jumamosi ijayo nakuja na mdogo wangu. Tutakukuta pako wazi, baba, au mtakuwa mmeweka pamba?"

Bwana Hemedi aliweka tonge chini kwa heshima.

"Karibuni, mama," alisema. "Mtatukuta."

Bi Salima alirudi jikoni haraka, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia kwa kwikwi ndani ya aproni yake. Nami nikasimama na birika mkononi, nalia pia, sioni haya kuwaambia. Kisha akajifuta uso, akachungulia, akaona sahani ya shemeji yake imebaki mwiba mtupu.

"Kasiani," akasema, "muongezee wali."